Upande Aliolazwa Baba

Mama yangu alitulea kwa sheria moja ambayo sijaikuta katika nyumba nyingine: ni marufuku kulala na miguu michafu, kwa sababu hujui utaamkia wapi. Watoto wa jirani waliambiwa wanawe miguu wasichafue mashuka. Sisi tulinawa kwa ajili ya siku ya mwisho. Kwetu ni juu ya jiji la Mbeya, kwenye mteremko, na maji ya mwezi wa sita huko yanamtoa mtu mzima machozi, lakini mama hakuwa na huruma kwa hilo. Ukinung'unika alikuuliza, "Parapanda ikilia ndiyo utaanza kutafuta ndoo?" Hakuwa akitutisha. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia wingu limeshuka, tukaanue nguo.

Kwa mama ufufuo haukuwa jambo la mahubiri. Ulikuwa jambo la ratiba. Alisema "tukiamka" kama wengine wanavyosema "tukivuna". Mtu akifa alisema amelala, na hakuwa analainisha maneno, alimaanisha amelala. Kanisa letu ni la Kimoravian, na desturi yetu ni kwamba Pasaka tunakwenda makaburini kabla ya jua, tunaimba tukiwa tumesimama katikati ya waliolala mpaka jua litoke. Siku moja kabla, kina mama wanapalilia makaburi. Mama alipalilia huku akizungumza nao. "Sogea kidogo nikutolee hii magugu," alimwambia shangazi yake, ambaye hakuwa na pa kusogea tena.

Mimi sikurithi uhakika huo. Naishi Mlandege, Iringa mjini, nafuma masweta ya shule kwa mashine, na nasali na Walutheri kwa sababu kanisa lao ndilo lililo karibu na mlango wangu. Kila Jumapili nakiri pamoja na wenzangu kwamba naamini ufufuo wa mwili, na mara nyingi wakati huo nawaza kola ambazo sijamaliza. Si kwamba sikuamini. Niliamini jinsi ninavyoamini kwamba barabara ya Tunduma inafika Tunduma. Sikuwa na safari ya huko tu.

Halafu baba akafa, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika.

Baba alikuwa Msangu wa Rujewa, kule bondeni kwenye mpunga na ng'ombe. Alipanda Mbeya ujanani kuuza mchele sokoni, akamkuta mama, Mnyakyusa asiyekubali kupunjwa, wakagombana kuhusu kipimo, wakaoana. Akanunua shamba mlimani, akajifunza viazi. Ndugu zake hawakuacha kumshangaa. Kila walipokuja walijifunika blanketi mchana kweupe na kumuuliza amekosa nini bondeni mpaka aje kuishi ndani ya friji. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, asiyesema sana, na aliamini kila alichoamini mama kwa sababu, alisema, mama ndiye aliyekuwa na muda wa kukichunguza.

Alipoanza kuumwa alichagua mwenyewe mahali pa kulala: juu ya shamba la viazi, penye mawe, pasipofaa kulimwa. Walipanga wote wawili. Yeye upande wa juu, mama upande wa chini, sambamba, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili wakiamka waamke wanatazama linakotoka jua, maana ndiko tulikofundishwa kwamba Bwana atatokea. Nilikuwepo siku hiyo walipokuwa wakipima kwa hatua. Walibishana kuhusu nafasi ya katikati kama watu wanaopanga vitanda chumbani.

"Usiniweke mbali," mama alimwambia. "Wewe husikii vizuri. Nitakuamshaje?"

Basi alipokufa, ndugu wa Rujewa wakapanda na gari lao, wamejaa, na neno lao la kwanza baada ya kulia lilikuwa kwamba wanamchukua. Mtoto wa Usangu hazikwi kwenye baridi. Mama akasema huyu amechagua mwenyewe, hatoki. Walivutana sebuleni tangu asubuhi mpaka chai ikapoa mara kadhaa ikapashwa tena. Mwishowe baba mdogo, yule anayemfuata baba kwa kuzaliwa, akapata njia ya katikati: alale hapahapa, lakini kaburi walichimbe wao, kwa mikono yao, mtu mwingine asiguse jembe. Kwetu mlimani kuchimba kaburi ni kazi ya majirani. Majirani wakaweka majembe chini, wakawapisha. Kila mtu akamshukuru Mungu kwamba msiba umepita bila aibu.

Siku ya kuzika kulikuwa na ukungu. Msimu ule unasikia ng'ombe wa jirani usimwone. Mimi nilikuwa nimekuja na msalaba wa mbao za paini, niliununua Mafinga nikiwa njiani, kwa mafundi wa pale barabarani. Baba alivaa sweta nililomfumia na soksi ambazo mama alisisitiza avalishwe, kwa sababu akitoka atakanyaga umande. Mchungaji, kijana aliyehamia ushirika wetu karibuni, alisoma haraka kwa kuogopa mvua. Mama alishikwa na kina mama huku na huku, amefunikwa kitenge mpaka machoni. Jeneza likashuka. Udongo ukarudi. Msalaba ukasimikwa kichwani, kama ilivyo desturi yetu.

Tulipomaliza matanga, watu wa Rujewa wakaondoka. Kesho yake kukapambazuka jua safi, la kwanza tangu msiba, na mimi nilikuwa napanga nguo zangu nirudi Iringa. Nikasikia mama ananiita kutoka juu ya shamba. Nilidhani ameanguka. Nilipofika alikuwa amesimama wima kando ya kaburi, amejishika kiuno.

"Jua liko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Lilikuwa limechomoza nyuma ya msalaba.

"Na msalaba umekaa wapi?"

"Kichwani."

"Basi."

Ilinichukua muda. Kisha nikaelewa. Kichwa cha baba kilikuwa mashariki. Miguu ilikuwa magharibi. Walikuwa wamemlaza kinyume kabisa. Nikafuata kwa macho upande aliokuwa anautazama, na kitu cha kwanza kwenye mstari ule kilikuwa choo cha jirani yetu, kipya, kimeezekwa bati linalong'aa.

"Siku ya mwisho," mama alisema, "baba yako ataamka anatazama choo."

Nilicheka. Ilinitoka tu. Halafu nikaona uso wa mama, nikaacha.

Tukamwita jirani mwenyewe, mzee ambaye amechimba makaburi mengi ya mlima ule. Akakuna kidevu, akazunguka kaburi, akasema, "Tuliona."

"Mliona, mkanyamaza?" nikamuuliza.

"Tulidhani ni mila ya huko kwao, binti yangu. Wasangu sisi tutawajuaje? Tukasema pengine wao ndivyo wanavyolala."

Nilipandwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Kundi zima la Wakristo, wazee wa kanisa wakiwemo, walisimama wakaona mtu anashushwa kinyume, wakaheshimu mila isiyokuwepo. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikamwambia mzee wa watu maneno ambayo mama alinikata katikati.

Mchungaji alikuja jioni ileile. Nataka kumtendea haki: hakumcheka mama, wala hakumwambia ni ushirikina. Alikaa, akapokea chai, akaeleza kwa upole. Wako watu wameliwa na samaki Ziwa Nyasa. Wako walioungua moto wasibaki hata mfupa. Wote hao watafufuliwa. Mungu hatafuti watu wake kwa dira. Mama alikubali kila sentensi. Alikuwa akiitikia "ndiyo", "kweli kabisa", kama anavyofanya kanisani. Kisha akamuuliza kama analima.

"Nina bustani kidogo nyuma ya nyumba, mama."

"Kiazi ukikipanda macho yake yanaangalia chini, kinaota?"

"Kinaota."

"Kinaota. Ila kinachelewa. Ile shina inazunguka kwanza chini kwa chini, inatafuta juu iko wapi. Wenzake wametoka, wamechanua, yeye ndiyo anachungulia." Akamwongezea chai. "Mimi sina shaka atafufuka, mchungaji. Sitaki achelewe."

Mchungaji akanywa chai yake. Nilimpenda kwa kutojibu.

Mimi sina subira ya mama. Nilishaamua kwamba kaburi lifukuliwe, na walifukue walewale waliolichimba. Rujewa iko njiani kwenda Iringa, unakata kidogo tu kutoka barabara kuu, nikashuka nikamfuata baba mdogo kwenye mashine ya kukoboa mpunga anakofanya kazi. Nilimkuta amejaa vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, maana hasira ina mipaka, akaitikia "marahaba mwanangu" kwa furaha, akidhani nimekuja kushukuru. Nikamweleza.

"Haiwezekani," alisema. "Nilipima mimi mwenyewe."

"Ulipimaje, na ukungu ule?"

Akanishika mkono akanitoa nje. Uwanda wa Usangu umelala tambarare, na upande mmoja tu imesimama milima, kama ukuta. Akaniweka niitazame.

"Mlima si ile pale? Sasa nyoosha mkono wa kushoto. Huko ndiyo mashariki. Hii hata mtoto wa kuchunga anaijua, hana haja ya kuona jua. Kule kwenu ukungu ulifunguka kidogo nikauona mlima, nikasimama nikautazama, nikanyoosha mkono wa kushoto. Miguu nikaweka huko."

Nilisimama pale nikanyoosha mkono. Alikuwa sahihi. Jua la alasiri lilikuwa linanichoma shavu la kulia. Pale Rujewa milima yote iko kusini, na mtu aliyezaliwa pale akiutazama mlima anajua dunia imekaaje. Sisi wa Mbeya mlima uko kaskazini yetu.

"Baba mdogo," nikasema, "kwetu mlima uko upande wa pili. Mji uko chini yake kusini."

Hakuelewa mara moja. Aligeuka akautazama mlima, akanyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha, akanyoosha wa kulia. Halafu akakaa juu ya gunia la pumba. Mashine ilikuwa inanguruma ndani na watu wakimwita, hakuitika.

"Nimemgeuza kaka yangu," alisema. "Nilisema wasimguse watu wengine, halafu mimi ndiyo nimemgeuza."

Akalia, mtu mzima, machozi yakichora njia kwenye vumbi. Hasira niliyokuja nayo kutoka Mbeya ikanitoka, na nikasikitika, kwa sababu hasira ilikuwa imenisaidia kutolia. Nikakaa naye juu ya gunia.

Alipotulia alitafuta njia ya katikati, kama ilivyo tabia yake. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwezi wa saba, wakishavuna, watakuja kulijengea kaburi kwa saruji. Siku hiyo wauhamishe msalaba, wauweke upande wa magharibi. Atakayepita ataona msalaba uko mahali pake. Nani atajua?

Mimi ni mfumaji. Sweta likifumwa mbele nyuma, huliokoi kwa kushona nembo ya shule mgongoni. Nikamwambia, "Mama atajua. Na baba atajua."

Basi tukawa na muda mpaka mwezi wa saba. Ikishamwagwa saruji, mambo yamekwisha.

Nilikwenda kuuliza habari za kufukua. Niliambiwa inawezekana, kwa kibali, ikiwa kuna sababu nzito. Nilipoitaja sababu yangu, afisa aliweka kalamu chini akaniuliza taratibu kama nimepata mtu wa kuzungumza naye tangu msiba. Nikarudi kesho yake. Nina kichwa kigumu, na nilianza kushangaa mwenyewe jinsi nilivyolishikilia jambo hili, mimi niliyekuwa nawaza kola wakati wa kukiri imani. Nilikuwa nimesema "ufufuo wa mwili" maisha yangu yote bila kufikiri kwamba mwili una mbele na nyuma. Sasa nilikuwa na mwili mmoja, najua sweta lake, najua soksi zake, na nilitaka uelekezwe vizuri.

Pasaka nikapanda Mbeya. Asubuhi ile ushirika wote ulikuwa makaburini ukiimba, nyuso zote upande mmoja, tarumbeta zikipigwa. Mama hakuwepo. Kwa maisha yangu yote sikumbuki Pasaka ambayo mama hakuwa mstari wa mbele akiwakosoa wanaochelewa. Nikapanda shambani, nikamkuta amekaa chini kando ya kaburi la baba, upande wa miguu yake, amelipa jua mgongo.

"Naangalia anachoangalia," alisema.

Nikakaa naye. Alikuwa amekonda. Nikaona miguu yake ina matope yaliyokauka, ya jana au juzi. Hilo lilinitisha kuliko kukonda kwake. Mama alikuwa amelala na matope.

"Hata kama siku hiyo ingefika usiku?" nikamuuliza, nikimwonyesha miguu kwa kidevu.

"Ingefika tu," alisema, akatazama pembeni.

Ndipo akanieleza kilichokuwa kinamla. Choo kilikuwa mzaha. Kilichomnyima usingizi ni mahali pake mwenyewe, pale upande wa chini. "Mimi mtanilaza sawa. Yeye amelala vile. Siku ya kuamka yeye atasimama ataelekea huku, mimi nitasimama nitaelekea kule, tumepeana mgongo. Tumeishi wote, tumezaa wote, halafu tuamke kama watu wamegombana. Atajua niko wapi? Na masikio yenyewe yale?" Akang'oa gugu moja kaburini. "Nikasema basi wanilaze kama yeye. Nikaona hapana. Hapo wote wawili tunampa Bwana mgongo, na hakuna wa kumwambia mwenzake."

"Tutafukua, mama," nikasema. "Nitapata kibali."

"Mtamsumbua."

"Si amelala? Atageuzwa tu."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikachukua hiyo kuwa ndiyo. Nilipofika Iringa nikampigia baba mdogo simu, nikamwambia mwezi wa saba waje na saruji, na waje na majembe, mimi nitahangaikia hicho kibali. Akasema watakuja na vyote.

Wakaja. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali yenye jua, mbingu nyeupe bila wingu, na mlima umesimama wazi kaskazini yetu mtu asiweze kuukosea. Vijana walipandisha mchanga, fundi akapanga matofali, mifuko ya saruji ikalazwa kando. Majembe nayo yalikuwa yameegeshwa pale kwenye jiwe. Kibali nilikipata, nilikuwa nacho kwenye mkoba, nikijivuna. Baba mdogo akavua kofia mbele ya mama. Tangu siku ya mashine alikuwa hawezi kumtazama vizuri.

"Shemeji, sema wewe," alimwambia. "Tufukue, au tujenge?"

Mama aligeuka. Alikuwa ananitazama mimi, ananipima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni. Nina mwili wa baba, kila mtu husema hivyo. Kisha akateremka nyumbani, tukasikia mlango, akarudi amebeba mkeka begani. Akautandika kando ya kaburi, pale kwenye nafasi yake mwenyewe, akaunyoosha pembe zote, akatoa vijiwe vilivyokuwa chini yake.

"Lala," akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe ni baba yako. Kichwa huku, alivyolazwa yeye."

Wanaume walikuwa wengi pale, na mimi nimevaa sketi, na ni mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Lakini mama akishasema hivyo hakuna mjadala. Nikalala, kichwa mashariki, upande wa juu. Mama akakusanya kitenge chake, akapiga magoti polepole kwa ajili ya nyonga, akalala kando yangu upande wa chini, kichwa magharibi. Miguu yake ilikuwa karibu na uso wangu, nayo ilikuwa misafi, imepakwa mafuta. Wanaume wakaanza kukohoa na kutazama viazi. Niliona aibu. Halafu baridi ya ardhi ikapanda kupitia mkeka, nikafikiri, hii ndiyo baridi anayoisikia, na aibu ikaisha.

"Haya," mama alisema. "Imelia. Amka."

Nikaamka. Nikakaa.

"Umeona? Umekaa. Hukusimama. Nimelala usiku wa kuamkia leo nikasikiliza ninavyoamka. Hakuna mtu anaamka amesimama. Mtu anakaa kwanza. Mimi siku zote nilikuwa nawaza watu wamesimama." Naye alikuwa amekaa. "Unaona nini?"

Mbele yangu bati la jirani lilikuwa linawaka kwa jua. "Naona choo, mama."

"Geuza shingo. Upande wangu."

Nikageuza shingo kidogo tu, kushoto. Uso wake ulikuwa pale pale, bega lake karibu na bega langu, kila mmoja ameelekea kwake, kama wanawake wawili wanaochambua maharage kwenye mkeka mmoja. Jua lilimpiga usoni moja kwa moja, kwa kuwa yeye alikuwa amelielekea, na niliona kila kunyanzi.

"Na sasa?"

"Nakuona wewe."

Aliniangalia. Nilijua si mimi anayeniangalia, na sikuthubutu kupepesa macho. Nilikuwa sijamlilia baba vizuri tangu tumzike, nilikuwa na hasira na safari na kibali; hapo mkekani nikalia kwa sauti, mbele ya fundi na vijana wa Rujewa, nikiwa baba.

"Jengeni," mama aliwaambia, bila kuondoa macho kwangu.

"Hivi hivi, shemeji?" Baba mdogo aliuliza. "Na msalaba?"

"Hivi hivi. Msalaba usisogezwe. Na mimi, siku yangu, kichwa magharibi. Mtu asinionee huruma akanigeuza nifanane na yeye. Mmoja lazima awe anaona linakotoka jua."

"Lakini mama," nikasema huku nikijifuta, "si ulisema atachelewa?"

"Kidogo. Kwani sijawahi kumsubiri?" Alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Nitamsalimu kwanza. *Mugonile*, umelalaje. Aniitikie, nijue amenisikia. Halafu namgeuza."

Akanishika bega kwa mkono wake mgumu wa jembe, akanivuta kidogo kidogo, hana haraka, mpaka nikazunguka palepale mkekani na jua likaniingia machoni.